Kidole Chekundu cha Mama Tani

Haya, sogea hapa unitegulie hiki: nina mbavu kumi na sina tumbo, nina miguu na sitembei, anayenikanyaga mbavuni ndiye ninayemwinua. Mimi ni nani? Usikimbilie kujibu. Ukisema ngazi umepata, lakini hujamaliza, maana ngazi inayosemwa hapa ilimwinua baba wa watoto watatu mpaka usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza, halafu ikamwachia.

Ngazi hiyo ilitoka kwenye karakana moja nyuma ya ghala la saruji. Ilikuwa karakana kama zilivyo nyingi: paa la mabati lililotoboka, sakafu nyeusi kwa mafuta, mabomba ya chuma yamelazwa kwenye vyuma vya ukutani, na kelele za kukata zinazoanza asubuhi na kukuacha jioni na mlio masikioni. Ndani ya kelele hizo alifanya kazi mwanamke mmoja kwa miaka kumi na tisa. Hakukata chuma wala hakuchomelea. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi.

Usicheke. Mzee aliyeanzisha karakana ile alikuwa mkali, mwenye nyusi nene, na hakuamini vyombo vya kupimia. Alisema chombo hakiogopi kuanguka, kwa hiyo hakina sababu ya kusema kweli. Akazunguka mtaa mzima akitafuta mtu mwenye mwili, akampata mama mmoja anauza mkaa, kiti kimezama chini yake. Akamwambia, "Dada, nataka ukanyage kila kidato cha kila ngazi yangu kwa miguu miwili, na uruke mara mbili. Ngazi isiyoweza kukubeba wewe haitoki kwangu."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, unanitukana au unaniajiri?"

"Vyote viwili, ukikubali."

Akakubali. Wakamwita Mama Tani, naye hakuchukia, maana jina lenyewe ndilo lililokuwa likimlisha. Kila ngazi iliyokamilika iliegemezwa ukutani, Mama Tani akapanda, kidato baada ya kidato, akiruka mara mbili kwa kila kimoja, na wachomeleaji chini wakisikiliza chuma kinavyolalamika. Akifika juu alichovya kidole gumba kwenye kopo la rangi nyekundu, akakibandika ubavuni mwa ngazi, na kabla rangi haijakauka akaandika tarehe kwa msumari. Basi. Wapaka rangi, mafundi umeme, waezeka mapaa, wote wakifika dukani waliangalia kidole kwanza, bei baadaye. "Hii imepandwa?" ndilo lilikuwa swali lao. Imepandwa, wakaibeba begani wakaenda zao.

Mzee alipofariki, karakana ikashikwa na mwanawe, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya kubembeleza. Wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, ingawa kwa mwili hakuwa mdogo hata kidogo. Alipenda kuwaambia watu kwamba wao ni familia. Alileta mizani ofisini, ile ya kusimama, akasema kila mwezi atampima Mama Tani kwa ajili ya afya yake. Wengine je? Wengine, alisema, ni vijana, hawana shida. Mama Tani alifarijika. Alikuwa hajawahi kuwa na bosi anayejali mwili wake isipokuwa kwa ajili ya kuukanyagisha. Kila mwisho wa mwezi aliingia, mlango ukafungwa kwa heshima, akapanda mizani akitazama dirisha kwa aibu, na Bosi Mdogo akainama kusoma. "Uko vizuri, Mama," anasema. Namba hakumtajia, naye hakuuliza.

Hakuuliza kwa sababu alikuwa anaogopa. Sukari ilikuwa imemwingia. Ilianza na kiu, ikaja na kuamka kila saa kwenda chooni, kisha nguo zikaanza kumkimbia mwilini. Mwaka haukwisha, gauni lililokuwa likimbana likawa linazunguka peke yake akigeuka. Na wewe niambie, nani atamweka kazini Mama Tani asiye na tani? Miaka kumi na tisa amekuwa yule mama mkubwa anayeruka juu ya ngazi. Hajui kazi nyingine, na umri wa kurudi kuuza mkaa umempita. Kwa hiyo akaanza kuvaa gauni juu ya gauni. Baadaye akaongeza sweta. Baadaye kabisa akawa anakunja blanketi jembamba, analizungusha kiunoni na kulifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, ndipo avae gauni la juu. Mashavu yalipobonyea aliwaambia wenzake ameng'olewa magego mawili. Walimpa pole ya magego.

Ngazi nazo zikaacha kulalamika. Hilo alilisikia. Zamani, akiruka, chuma kililia chini ya nyayo kama kitanda cha bweni. Sasa kilikaa kimya. Alijiambia labda wachomeleaji wameongeza ufundi.

Sasa yule mtu aliyeanguka. Alikuwa mpaka rangi, na kwa Mama Tani alikuwa mkwe: mume wa binti yake wa pekee. Mtu mrefu, mpana, kilo tisini bila viatu, mpole kiasi cha kumwomba radhi paka aliyemkanyaga. Alikuwa anapaka ukuta wa jengo la ofisi, ndoo moja ya rangi imetundikwa pembeni, wala hakuwa amefanya lolote la kijinga. Kidato cha saba kiling'oka upande mmoja kama jino bovu. Akashuka pamoja na ndoo. Akavunjika nyonga na mguu mahali pawili. Daktari alisema atatembea, Mungu akipenda, lakini kupanda kitu chochote asahau.

Mama Tani alipofika hospitali alimkuta mkwe amelazwa mguu umefungwa uzito, rangi ya samawati imemkauka kwenye nywele. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiosha.

"Shikamoo, mama," mkwe akasema, akijaribu kujiinua.

"Marahaba, baba. Tulia, tulia hapo hapo."

"Nisamehe, nimekusumbua kuja mpaka huku."

Binti yake akamshika mkono, akamtoa nje, akampeleka nyuma ya wodi. Wenzake na mkwe walikuwa wameileta ile ngazi, imelazwa kwenye majani karibu na matangi ya maji, kidato cha saba kinaning'inia. Juu ya ubavu wake kulikuwa na kidole chekundu, na tarehe ya miezi miwili nyuma, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia shule ya msingi.

"Ni chako, mama," binti akasema. Hakuuliza.

"Ni changu."

"Uliipanda, au walichukua tu kopo la rangi wakabandika?"

"Niliipanda mwanangu. Vidato vyote. Nikaruka."

"Na hiki cha saba?"

"Hicho pia."

Binti akaanza kulia, na mama akamvuta kifuani kama alivyomvuta siku zote. Lakini mikono ya binti ilipomzunguka ilikutana nyuma kwa urahisi ambao haikuwahi kuupata tangu utotoni, kisha vidole vyake vikagusa fundo la kamba. Akaacha kulia. Akabonyeza ubavu wa mama yake, akabonyeza tena, kama mtu anayepima godoro dukani.

"Mama, hiki ni nini?"

"Baridi tu, mwanangu."

"Baridi gani, jua lote hili? Ni blanketi." Akarudi nyuma hatua mbili ili amwone vizuri. "Uko wapi wewe humo ndani?"

Mama Tani akatazama matangi.

"Watu wananunua ngazi hizo kwa sababu yako," binti akasema, na sauti yake ikawa ndogo na ngumu. "Mume wangu alinunua hiyo kwa sababu yako. Dukani zilikuwepo za kiwanda kingine, akasema hapana, mimi napanda ngazi ya mama mkwe. Alijivuna. Sasa niambie kitu kimoja tu. Siku ulipoipanda ngazi ya mume wangu, ulikuwa na kilo ngapi?"

Kweli ni kwamba mama hakujua. Na kweli nyingine ni kwamba hakutaka kujua. Alisema, "Ngoja nikaangalie," maneno ambayo ukiyafikiria hayana maana yoyote, akaondoka pale akitembea upesi, blanketi likimteleza kiunoni.

Lakini kuna aliyejua. Njia nzima Mama Tani alikuwa anawaza mizani.

Alifika karakana Bosi Mdogo akiwa ametoka. Akaingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake, na hapo ndipo akaiona kalenda. Ilitundikwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi huwezi kuiona, na siku za kupimwa yeye alikuwa ameupa mgongo akitazama dirisha. Chini ya kila mwezi kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, safi, ya mtu mwenye utulivu.

Alisoma kwa kidole, kama alivyofundishwa shuleni. *T 104, bomba mm 2.* Miezi mitatu mbele: *T 95, mm 1.7.* Halafu: *T 86, mm 1.4, mshono nusu.* Halafu: *T 78, mm 1.2, mshono nusu.* Halafu mwezi ule, mwezi wa ngazi ya mkwe wake: *T 71, mm 1, alama mbili.* Mwezi uliofuata ulikuwa *T 71* vilevile, na pembeni: *hapa hapa.*

Alikaa kwenye kiti cha bosi bila kujua amekaa. T hakuhitaji kuelezwa. Alirudia kusoma kutoka juu mpaka chini, na safari hii hakusoma uzito wake. Alisoma jinsi mtu alivyokuwa anamsubiri apungue. Kila mwezi anaoulilia mwili wake kwenye kioo, mwenzake anainama kwenye mizani anafurahi, anaenda kuagiza chuma chembamba zaidi. Alikuwa analiwa na sukari na kule nje ngazi zinaliwa pamoja naye, kilo kwa milimita, ili siku ya kupanda zitoshe kumbeba yeye tu na asisikie kitu.

Akatoka nje na ile kalenda mkononi. Mchomeleaji mkuu, waliyemwita Cheche kwa makovu ya moto yaliyojaa mikononi, alikuwa amekaa juu ya ndoo akinywa chai.

"Cheche, alama mbili ni nini?"

Cheche akatazama kalenda, akatazama chai. "Umeitoa wapi hiyo, Mama?"

"Nimekuuliza kitu."

"Ni mshono." Akaweka kikombe chini. "Zamani tulikuwa tunazungusha moto pande zote za kidato kinapoingia kwenye bomba. Baadaye ikawa nusu. Sasa ni kugusa tu mara mbili, juu na chini, kama unabandika stempu kwenye barua. Rangi ya fedha inafunika."

"Na wewe ukagusa."

"Nikagusa, Mama. Nina watoto."

"Aliyeanguka ana watatu."

Cheche akavua kofia yake, akaigeuza geuza. "Nilijua bomba linakonda," akasema. "Sikujua linakonda na nani. Tukimaliza kila ngazi nasema moyoni, hii ataivunja Mama Tani, atairudisha. Unapanda, unaruka, unabandika kidole. Nikasema basi, mimi ndiye mwoga, chuma kiko sawa. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia kiko sawa."

Angempiga kofi, na mkono ulikuwa umeshainuka. Lakini alilolisema lilikuwa kweli, na kweli ile ilimuuma kuliko uongo wote wa siku ile. Akaushusha.

Bosi Mdogo aliingia getini na gari lake, akashuka anatabasamu. "Shikamoo, Mama."

"Hiyo kaa nayo," Mama Tani akasema.

Aliyekuwa anakata akazima mashine. Bosi akaiona kalenda. Tabasamu halikutoka, lilibaki tu limesahauliwa usoni. Akasema waingie ofisini wazungumze kama familia.

Ndani hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimvutia kiti, akamimina maji, akauliza hali ya mkwe.

"Ulikuwa unanipima ukinichonga," Mama Tani akasema. "Kama mtu anayesubiri mgonjwa afe arithi kitanda."

"Mama, hasira haifai. Nionyeshe nilipodanganya." Alikuwa anauliza kwa upole kabisa. "Sheria ya karakana hii aliiweka marehemu baba: ngazi isiyoweza kukubeba wewe haitoki. Imewahi kutoka ambayo haikukubeba? Hata moja? Ulipanda, ukaruka, ikakubeba, ukaweka kidole. Kidole chako. Mimi kidole changu hakipo kwenye ngazi yoyote."

"Baba yako aliniajiri nikiwa na kilo mia na kitu."

"Hakuandika kilo. Aliandika jina." Akasogea mbele. "Na kama tunaongea ukweli, hayo magauni matatu ni ya nini? Na hilo blanketi? Unadhani sikuona? Mizani ilikuwa inapima na blanketi, Mama. Mimi nikawa nalitoa kichwani, kilo mbili kila mara. Kati yangu na wewe, nani alikuwa anayadanganya macho ya watu?"

Hapo akamshika pabaya. Mama Tani alihisi kamba ya kiunoni kama imekazwa na mtu.

"Kesho asubuhi mafundi wanakuja," Bosi akaendelea. "Wamesikia habari za mkwe wako, wana wasiwasi. Nimewaita mwenyewe, waje wote, sina cha kuficha. Nitaegemeza ngazi mpya, utapanda mbele yao. Itakubeba, mimi na wewe tunajua itakubeba. Wataona, watatulia, wataenda kazini. Tuna ngazi mia tatu na arobaini ziko madukani na mikononi mwa watu, zote zina kidole chako. Unataka watu mia tatu na arobaini waanze kukulaani? Mkwe alizidisha mzigo, ajali hutokea, mimi nitamtibu mpaka apone. Na wewe utabaki kupanda hapa mpaka utakapochoka mwenyewe. Ukisema vingine, nitawaeleza kuhusu blanketi. Chagua jinsi unavyotaka wakukumbuke."

Mama Tani akanyanyuka. Maji hakuyagusa.

"Itakubeba," Bosi akarudia nyuma yake, kama anampa dawa.

Asubuhi yake walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Wapaka rangi na suruali zao za madoadoa, mafundi umeme na koleo mifukoni, waezeka mapaa waliobabuka shingo, wenye maduka wawili watatu waliosimama kando ya wengine. Baadhi walikuja na ngazi zao begani, wakaziegemeza kwenye ukuta wa ghala, na vidole vyekundu vikawa vimepangana kule juu. Binti wa Mama Tani alikuwepo, getini, amevaa kandambili za mumewe. Hakusogea karibu wala hakuamkia mtu.

Bosi Mdogo aliongea vizuri. Alimtaja baba yake. Aliwapa pole familia. Alisema ngazi ni kama mke, ukimzidishia mizigo usimlaumu, na wachache wakacheka, wengine hawakucheka. Kisha akasema, "Mimi si mtu wa maneno mengi. Mwenye kusema ni huyu hapa."

Mama Tani akatoka kwenye kivuli cha mlango akiwa amevaa nguo zake zote. Alikuwa mkubwa kama alivyokuwa siku zote. Mpaka rangi mmoja mzee akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyo akiruka hapo, sisi wengine ni njiwa tu." Watu wakacheka, safari hii kwa raha, na Mama Tani akaona jinsi walivyokuwa wanataka kuamini. Walikuwa wamekuja na hasira lakini chini ya hasira walitaka waambiwe warudi kazini. Kila mmoja ana ukuta unaomsubiri.

Akapanda. Kidato cha kwanza, miguu miwili, akaruka, akaruka. Cha pili. Cha tatu. Ngazi ilikaa kimya, kimya cha aibu. Alipofika cha saba alisimama kidogo, kisha akaruka hapo mara mbili kama pengine, na chuma kikambeba. Cha nane. Cha tisa. Pale chini pumzi za watu zikashuka. Mmoja akapiga makofi. Fundi umeme mmoja akainua ngazi yake ukutani, tayari kuondoka.

"Mmejionea wenyewe," Bosi Mdogo akasema. Akamnyooshea kopo la rangi. "Mama, tuwekee kidole."

Mama Tani akalipokea kopo, akalitundika kwenye ncha ya ngazi. Hakuchovya. Akashika pindo la sweta, akalivua kwa kichwa, akaliachia. Likaanguka miguuni pa bosi.

"Kuna joto juu huko," Bosi akawaambia watu, akicheka kidogo.

Gauni la kwanza likafuata, lile pana la maua. Chini yake kulikuwa na la kijani. Alilivua nalo, taratibu, akishikilia ngazi kwa mkono mmoja, akabaki na gauni jembamba la kahawia alilokuwa akilivaa ndani, na juu yake blanketi limefungwa kwa kamba. Hakuna aliyecheka sasa. Akafungua fundo kwa meno na vidole, kamba ikalegea, blanketi likajikunjua kidato kwa kidato mpaka chini. Kule juu akabaki mama mwembamba, mabega yamechongoka, mikono kama ya mtu mwingine.

"Huyo nani?" mtu akauliza nyuma, na hakuwa anatania.

"Mama anaumwa," Bosi akasema haraka. "Ana sukari, jamani, amechanganyikiwa. Mlisikie hilo, alikuwa anawaficha siku zote, hata mimi alinificha. Cheche, mteremshe."

Cheche hakusogea. Aliingiza mkono ndani ya koti la kazi, akatoa kalenda iliyokunjwa, ile aliyoachiwa na Mama Tani jana yake alipotoka ofisini, akamkabidhi yule mpaka rangi mzee. Kalenda ikaanza kutembea mkono kwa mkono.

"Nilikuwa nawaficha," Mama Tani akasema kutoka juu. Hakupaza sauti, hakukuwa na haja. "Hilo kasema kweli. Blanketi ni langu, hakunifunga yeye. Nilikuwa naona aibu kupungua, na naogopa kufukuzwa, nikawabandikia kidole. Lakini yeye alikuwa ananipima. Kila nilipopungua, akapunguza chuma. Ngazi hizo mlizoegemeza hapo amezikata zinitoshe mimi hivi nilivyo. Ninyi hamkukatiwa ngazi. Ninyi mmekatiwa majeneza."

"Huo ni uongo."

"Basi panda wewe."

Bosi Mdogo akatazama ngazi.

"Wewe una mwili kuliko mimi," Mama Tani akasema. "Nateremka sasa hivi, nakupisha. Panda mpaka hapa niliposimama, uruke mara mbili kila kidato, kama baba yako alivyosema. Ikikubeba, hawa ndugu waende kazini na mimi nipelekwe polisi. Njoo. Umesema haina tatizo, njoo."

Watu wakasogea nyuma wakamwachia nafasi. Nafasi ikawa pana, na yeye amesimama katikati yake na shati lake lililopigwa pasi. Aliangalia kidato cha kwanza. Aliangalia viatu vyake. Akaanza kusema jambo kuhusu mgongo, kwamba daktari wake, na akaishia hapo, kwa sababu hakuna uso hata mmoja uliokuwa unamsikiliza. Wote walikuwa wanatazama miguu yake ambayo haiendi popote. Yule fundi umeme aliyekuwa anataka kuondoka akaitua ngazi yake chini, akaweka mguu katikati ya kidato, akaegemea kwa nguvu zote. Kidato kikang'oka na mlio mdogo, kama mtu anayevunja biskuti. Akahamia cha pili, akakivunja. Pembeni yake mwingine akaanza kuvunja yake. Wenye maduka waliteta, mmoja wao tayari ameweka simu sikioni akimwambia mtu asiuze, asiuze hata moja, azitoe nje zote.

Mama Tani hakuwaangalia. Alikuwa anamtafuta binti yake. Alimwona bado yuko palepale getini, amekunja mikono, uso umekauka. Hakuwa amesogezwa na blanketi wala na kalenda wala na vidato vinavyovunjika. Alikuwa anasubiri chake.

"Mwanangu," mama akamwita juu ya kelele za chuma, na wa karibu wakanyamaza kidogo kidogo mpaka pakatulia. "Jana uliniuliza, nikakimbia. Siku ile nilipopanda ngazi ya mumeo nilikuwa na kilo sabini na moja, na nilijua nimepungua."